Santuri, Shaba na Maneno ya "Masanga"

Kusudi la makala haya mafupi ni kulinganisha namna mbili za kuusikiliza wimbo "Masanga" wa Mwenda Jean Bosco: ile ya mpenzi wa santuri na ile ya mwanafunzi wa lugha. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, ambako leo ni mkoa wetu wa Lualaba. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya sasa, na wimbo ukatolewa kwa santuri ya Gallotone.

Mpenzi wa santuri ana haki yake. Santuri hupanguswa, huwekwa kwa uangalifu, hugeuzwa; humlazimisha mtu aketi asikilize. Hata hivyo, santuri za kwanza za wimbo huu hazikuwa za vinili bali za shelaki, utomvu utokanao na wadudu. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, zilivunjika upesi, na upande mmoja ulichukua dakika 3 hivi tu. Kwa hiyo ufupi wa wimbo tunaousikia haututhibitishii kwamba ndivyo ulivyoimbwa barabarani. Aidha, sindano ya LP haifai hapa: mfereji wa shelaki ni mpana zaidi, na sindano nyembamba huzama chini na kuokota vumbi na mikwaruzo.

Hatari ni kwamba sikio huanza kusikiliza vifaa badala ya wimbo. Wako wanaolipa fedha nyingi kwa nyaya za spika za shaba isiyo na oksijeni, ingawa waya wa kawaida wenye unene wa kutosha hufanya kazi ile ile. Msomaji wa Kolwezi, anayeona malori ya shaba yakipita kila siku, ana sababu ya kutabasamu.

Wataalamu nao wamelielekea gitaa zaidi. David Rycroft alichapisha uchambuzi wake katika jarida la *African Music* mwaka 1961 na 1962, na anwani yake yenyewe inataja ubunifu wa gitaa. Hatumlaumu: upigaji ule wa kidole gumba na cha shahada unastahili heshima hiyo. Lakini gitaa laweza kuhakikiwa na mgeni asiyejua lugha. Maneno yanatusubiri sisi.

Kwa nini tumechelewa? Hoja yetu ni kwamba tumejifunza kukionea haya Kiswahili cha Katanga. Mwanafunzi akiandika *batu* kwa *watu*, au *iko* mahali pa *ni*, twamsahihisha kwa wino mwekundu, kisha twashangaa kwamba nyimbo za lugha hiyo hazina mhakiki.

Huenda mtu akapinga kwamba maneno ya nyimbo hizi ni vipande visivyoungana. Labda, ila hukumu hiyo haiwezi kutangulia unukuzi. Anayekosa muktadha husikia vipande hata penye kisa kizima.

Kwa kuhitimisha, tunapendekeza kwamba idara zetu zinukuu maneno ya santuri hizi pamoja na wazee waliozicheza, kuanzia Musumba hadi Likasi. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya ILAM, aliyoiasisi mwaka 1954. Sauti, basi, iko salama. Wanaoielewa ndio wanaopungua kila mwaka, na hao hakuna sindano itakayowarudisha.