Kipimo cha Alfajiri: Wakati wa Kusoma Shema Ulivyowekwa

Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa na Rabi Yuda ha-Nasi yapata mwaka 200, huanza kwa swali la wakati: Shema, ungamo la imani ambalo Wayahudi husoma jioni na asubuhi, isomwe jioni kuanzia lini? Jibu halitaji saa. Linasema ni tangu makuhani waliokuwa na unajisi, wakiisha kuoga na nyota kutokeza, wanapoingia kula fungu lao takatifu. Asubuhi nayo huanza mtu anapoweza kutofautisha buluu na nyeupe. Ni rahisi kudhani kwamba marabi wa Mishna hawakuwa na njia bora ya kupima. Hoja yangu ni kinyume chake: walipima kwa uangalifu mkubwa, na ukali wa kipimo waliuweka pale ambapo kosa lingewagharimu.

Saa za jua zilijulikana Yerusalemu zama za Warumi, na Mishna yenyewe hutumia saa inapofaa. Rabi Yoshua aliruhusu Shema ya asubuhi hadi saa tatu, kwa kuwa wana wa wafalme huamka wakati huo. Hiyo ni saa tatu kama anavyoihesabu Mswahili, tangu macheo; ila kwao mchana wowote uligawanywa kumi na mbili, hivyo saa moja ilifikia takriban dakika 70 kiangazi na 50 majira ya baridi. Lakini saa ya jua haina kazi pasipo kivuli, na mianzo yote miwili ya Shema huangukia kwenye utusitusi. Hapo jicho ndilo chombo pekee ambacho kila mkulima anacho.

Mtu atapinga kwamba macho hutofautiana. Ni kweli, na marabi walilijua hilo. Rabi Eliezeri alitaka mtu atofautishe buluu na kijani cha liki, rangi zinazokaribiana zaidi, maana yake angoje mwanga uzidi. Kuchagua rangi mbili za kulinganisha ni kuchagua kiwango cha mwanga, na huo ndio upimaji wenyewe. Hekaluni, ambako makuhani walisoma Shema baada ya kuchinja sadaka ya asubuhi, umakini uliongezeka kwa sababu ya mkasa: siku moja mwanga wa mwezi ulidhaniwa alfajiri, mnyama akachinjwa kabla ya wakati, ikabidi apelekwe kuteketezwa. Ndiyo maana mtazamaji aliulizwa kama mashariki yote imeangaza hadi Hebroni. Mwezi hauwezi kutandaza nuru namna hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni katikati ya usiku, kikomo walichoweka wahenga kwa Shema ya jioni. Nani angekipima bila chombo? Hakuna aliyehitaji kukipima barabara. Rabani Gamalieli aliwaambia wanawe, waliorudi usiku kutoka karamuni, kwamba maadamu alfajiri haijapambazuka wanawajibika kusoma. Na kila wahenga waliposema katikati ya usiku, wajibu uliendelea hadi alfajiri. Kikomo kile kilikuwa uzio wa kumzuia mtu asipitiwe na usingizi, na uzio ukisogea kidogo hakuna anayepotea. Asubuhi vivyo hivyo: aliyesoma baada ya saa tatu, Mishna inasema, hakupata hasara, amekuwa kama mtu anayesoma Torati.