Kuitengeneza Upya Kalamu ya Wazee: Herufi za Kiarabu, Kompyuta na Majina ya Matuga

Chombo cha kuandikia kilichozoeleka hakifanywi kipya kwa kuongezewa viungo tu. Historia ya WordStar, programu ya kuandikia iliyotolewa na kampuni ya MicroPro ya Marekani mwaka 1978, yatosha kuwa ushahidi. Toleo lake la mwisho la DOS lilitoka mwaka 1992, lakini baadhi ya waandishi hawakukubali kuliacha. Mwaka 2024 Robert J. Sawyer, mwandishi wa Kanada, alilikusanya pamoja na miongozo yake na programu za kuliwezesha kufanya kazi katika kompyuta za leo. Amri zilibaki zile zile. Kilichobadilika ni mazingira yake. Vidole vilivyozoea havikulazimishwa kurudi chuoni.

Kiswahili nacho kina chombo cha namna hiyo, chenye umri wa karne kadhaa: herufi za Kiarabu. Madhumuni ya makala haya ni kupima juhudi za kukifanya upya chombo hicho, kwa kutumia majina ya mahali ya Matuga, kusini mwa Mombasa, kama mizani.

Upungufu wa hati ya kale unajulikana. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, yaani fat-ha, kasra na dhamma, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Aidha, hakina herufi za p, ch, g wala v. Mwandishi wa zamani alilichukua jina "Matuga" na kuliandika kwa mimu, te na ghaini. Mgeni angeweza kulisoma Matugha, Matoga, au hata Matunga, kwa kuwa king'ong'o kilichotangulia konsonanti mara nyingi hakikuandikwa. "Golini" lingeweza kusomwa Gulini au Gholini. Mwenyeji hakupata taabu hiyo, kwani alikuwa analijua jina kabla ya kulisoma. Hati ile ilitegemea kumbukumbu ya jamii, na humo ndimo mlimokuwa na nguvu yake na udhaifu wake.

Wanazuoni wa Mombasa waliliona tatizo hili mapema. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia W. E. Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka, alikuwa miongoni mwa walioishughulikia hati hii. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapitio ya historia yake pamoja na mapendekezo ya mfumo kamili. Katika miaka ya 2010 Kevin Donnelly alitayarisha Andika!, zana za kompyuta za kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kugeuza maandishi kutoka hati moja hadi nyingine. Kazi hizi zastahili sifa. Zimeonyesha kwamba hati hii haikufa kwa sababu ya udhaifu wa asili, ilikosa mitambo. Herufi za nyongeza kama pe na che zimo katika kompyuta kwa ajili ya Kiajemi na Kiurdu. Mswahili ana haki ya kuzitumia vile vile.

Hata hivyo, pana kasoro mbili katika fikra ya kuwa kila sauti ipewe alama moja na mambo yaishe. Kwanza, mashine inayogeuza herufi kwa herufi hudhani kwamba maandishi yote yamefuata tahajia mpya. Ikipewa barua au wasia wa kale, ambamo ghaini moja hubeba sauti kadhaa, itachagua sauti moja kimya kimya. Msomaji kijana asiyeijua hati hatajua kwamba uchaguzi umefanywa. Katika shairi kosa hilo huharibu vina; katika wasia laweza kulihamisha shamba kutoka mji mmoja hadi mwingine. Uaminifu unadai mashine ionyeshe mashaka yake: iweke "Matuga" na "Matunga" bega kwa bega, na aliye mwenyeji aamue.

Pili, mfumo uliojengwa juu ya Kiswahili hautoshi Matuga. Jina "Tsimba" lina sauti ya Chidigo ambayo Kiswahili Sanifu hakina, na Chidigo kina nyingine, kama dz, na ile inayoandikwa ph kwa herufi za Kirumi. Mzee wa Kidigo aliyejifunza herufi chuoni aliziandika sauti hizo kadiri alivyoweza. Akikabidhiwa chombo kipya kisichozijua, au kinachomsahihisha kila anapoandika kama alivyofunzwa, atakiweka kando, naye hatakuwa mkaidi.

Kwa hiyo utengenezaji wa kweli haufai kuanza na kanuni. Programu na ikubali kwanza tahajia ya kale kama ilivyo, bila kuisahihisha. Alama mpya ziwe hiari ya mwandishi. Na lugha jirani zipewe nafasi tangu mwanzo. WordStar ilihifadhiwa wakati watumiaji wake walikuwa wangali hai kueleza wanachokitaka. Wanaoweza kusoma nyaraka za kale za pwani bila msaada wanazidi kupungua, na mashine isiyowauliza leo haitakuwa na wa kumwuliza kesho.