Gia ya Mlima Huchaguliwa Tambarare

Dereva mzuri wa lori la mchanga mtazame kabla hajaufikia mlima. Akishaanza kupanda umechelewa, kazi yake kubwa imekwisha. Njia nyingi za mitaani Madale, wilayani Kinondoni, zinaachana na lami, zinateremka hadi bondeni, zinavuka mkondo wa maji ya mvua, kisha zinapanda ghafla. Dereva mzoefu anapofika bondeni, hatua chache kabla ya mwinuko kuanza, unasikia injini ikibadili sauti: klachi imekanyagwa, gia ya tatu imetoka, ya pili imeingia, na tairi za nyuma zinaendelea kuzunguka kama vile hakuna kilichotokea. Lori linapanda na mzigo wake wote bila kuchimba udongo. Mwenzake asiye na mazoea anaukabili mlima huohuo na gia ya tatu. Katikati injini inaanza kutetemeka. Anakanyaga klachi ili ashushe gia, na katika sekunde hiyo moja isiyo na msukumo uzito wa mchanga unamrudisha. Lori limesimama. Utingo ameshashuka mbio na jiwe mkononi, kulikinga tairi la nyuma.

Ujuzi huu nauheshimu sana, na naona hausifiwi inavyostahili. Tunamsifu dereva kwa kukimbiza gari au kwa kupenya foleni. Aliyebadili gia kwa wakati hasifiwi, kwa kuwa abiria hakusikia kitu.

Kwa nini wakati uwe muhimu hivyo? Injini haina nguvu sawa katika kila mwendo. Ikizunguka polepole mno haina pumzi. Ikizunguka kwa kasi mno inapiga kelele, inakunywa mafuta na kujichosha. Kuna eneo la katikati ambamo inavuta kwa raha. Chukua Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2 ambayo mafundi wetu wanaifungua wakiwa wamefumba macho. Haina turbo ya kuisaidia, na nguvu yake ya kuvuta hufikia kilele kwenye mizunguko kama 2,200 kwa dakika. Kazi ya gia ni kuibakiza injini karibu na hapo, wakati mwendo wa tairi unabadilika kutoka sifuri hadi kasi ya barabara kuu. Katika gari dogo la kawaida, gia ya kwanza huifanya injini izunguke mara tatu na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi. Gia ya nne huwa karibu moja kwa moja. Ya tano injini huzunguka pungufu ya shafti, na ndiyo maana ni gia ya tambarare: ina mwendo, haina misuli.

Mwenye gari jipya atasema ana mshale wa mizunguko kwenye dashibodi. Madereva wa daladala ninaowastahi hawautazami, na mara nyingi umeshakufa zamani. Wanatumia masikio, na wanatumia nyayo. Injini inayohitaji gia ndogo huanza kugonga kwa sauti nzito, na mtetemo wake hupanda kupitia sakafu hadi kwenye goti. Inayohitaji gia kubwa hulia kwa sauti nyembamba inayozidi kupanda bila gari kuongeza mwendo. Kati ya sauti hizo mbili kuna nafasi ndogo, na fundi wa kazi hii huishi humo siku nzima.

Panda daladala Tegeta Kibaoni kuelekea Madale, upate kiti cha mbele upande wa dereva. Barabara inapita Wazo, penye kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, hivyo mbele yako kuna uwezekano mkubwa wa kukuta lori lenye shehena likipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Uangalie mkono wa kushoto wa dereva. Haushiki mkono wa gia kwa nguvu. Umeufunika kwa kiganja tu, vidole vimelegea. Mguu wa kulia unaachia mafuta kidogo, wa kushoto unazamisha klachi, kiganja kinavuta, kinasita kidogo kwenye nyutro, kinavuta tena. Kusita huko ndiko kunakonivutia kuliko yote. Mwenye papara hulazimisha gia iingie na giaboksi hukwaruza hadi abiria wa nyuma wanaguna. Anayejua husubiri mizunguko ilingane na mwendo wa gari, kisha gia huingia yenyewe kama kitasa kilichotiwa mafuta. Mama aliyesimama mlangoni na ndoo ya samaki hatikisiki.

Sehemu ya kazi hiyo siku hizi inafanywa na chuma. Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba ambazo husuguana na gia kabla ya kuungana nayo, ili zote zizunguke kwa mwendo mmoja. Mfumo huo ulibuniwa na Mmarekani Earl Thompson, na Cadillac waliuingiza kwenye magari yao mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia: kutoa, kupiga resi kidogo katikati kama anashusha, kuingiza. Wazee walioendesha malori ya zamani bado wanafanya hivyo bila kufikiri, na ukiona gari ambalo pete zake zimelika likiendeshwa pasipo kelele yoyote, jua aliye kwenye usukani amefundishwa na mtu wa aina hiyo.

Kuteremka kuna ugumu wake, nao huua. Kwenye barabara kuu ya Mbeya, kati ya Mikumi na Iringa, kuna Mlima Kitonga, ambao kila dereva wa masafa marefu nchini anaujua kwa kona zake. Anayeshuka akitegemea breki peke yake huzichemsha, na breki zilizopata moto huacha kushika. Kanuni ya wazee ni kuteremka na gia ambayo ungeipandia mlima huohuo, na kuiweka ukiwa bado juu, kwa sababu lori likishachukua kasi gia ndogo haikubali kuingia tena. Anayejaribu hubaki nyutro, hana injini wala breki. Milima ya Madale ni mifupi, lakini somo lake ni lile lile, na ni afadhali mtu alipate hapa kuliko kule.

Najua barabara zetu zimejaa IST na Vitz zinazobadili gia zenyewe, na siwalaumu wenye nazo. Foleni ya Mwenge haina huruma kwa mguu wa kushoto. Giaboksi ya otomatiki inapima mwendo wa gari na jinsi mafuta yalivyokanyagwa, na inapima vizuri. Lakini haioni mbele. Haijui kwamba baada ya kona hii kuna kipande kirefu cha mchanga kinachohitaji mwendo mmoja usiokatika, wala kwamba mvua ya jana usiku imeacha utelezi chini ya mlima. Hayo yanabaki kwa dereva, na ndiyo maana magari mengi ya otomatiki yameachiwa alama ya L au 2 karibu na mkono wa gia, alama ambazo wenye magari wengi hawajawahi kuzigusa.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa udereva wa Kinondoni. Mkishamaliza kuwazungusha wanafunzi wenu kwenye viwanja na lami, waleteni Madale wakati wa masika, na gari la gia. Asiyeweza kuingiza gia ya pili kabla ya mlima kuanza, msimsainie kwamba amehitimu.