Kutoka Ithaamĩrio-inĩ hadi "in Detention": Kauli ya Kutendea na Tafsiri ya Gakaara wa Wanjaũ

Mwaka 1983 kampuni ya Heinemann mjini Nairobi ilichapisha kitabu cha Gakaara wa Wanjaũ, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, na mwaka uliofuata kitabu hicho kilitunukiwa Tuzo ya Noma. Tafsiri yake ya Kiingereza, Mau Mau Author in Detention, ilitoka mwaka 1988, na ndiyo inayotumiwa na msomi asiyejua Kigikuyu anapotaka kumjadili mwandishi huyu wa Karatina. Makala haya yanachunguza kisa kimoja cha kisarufi kilichomo katika tafsiri hiyo, tena kilichomo katika jina lake tu: namna Kiingereza kinavyokiunganisha kitenzi na mtendwa wake na virai vihusishi, na namna Kigikuyu, sawa na Kiswahili, kinavyoyabeba hayo yote ndani ya kitenzi chenyewe. Aghalabu suala hili huachiwa walimu wa sarufi, lakini linamhusu pia mhakiki.

Mzungumzaji wa Kiingereza akisema "he wrote it for them", amepanga maneno matano yaliyosimama kila moja peke yake. Kitu kilichoandikwa kimekaa karibu na kitenzi, na watu walioandikiwa wamewekwa mwishoni, nyuma ya kihusishi. Watu hao wanaweza kuondolewa na sentensi ikabaki nzima, haina kovu. Kiswahili husema "aliwaandikia". Watu wamepewa nafasi moja iliyoko ndani ya kitenzi, ile ya kiambishi cha mtendwa, na kitu chenyewe, kiwe barua au shairi, hakina budi kusubiri nje. Ukiwaondoa watu, kitenzi kinabadilika umbo na kuwa "aliandika". Kigikuyu nacho kina kwandĩka na kwandĩkĩra, na kile kiambishi -ĩr- ni ndugu wa -i- na -e- za kauli yetu ya kutendea. Ni kweli kwamba Kiingereza nacho kinaweza kusema "wrote them a letter" bila kihusishi. Lakini hilo linawezekana kwa vitenzi vichache tu, na hata hapo kitenzi hakionyeshi alama yoyote ya kwamba kimepata mtendewa.

Tofauti ya pili ina uzito zaidi kwa mhakiki. Kihusishi humlazimisha Mwingereza achague: ama ni "to", ama ni "for". Kuandikia hakuchagui. Anayemwandikia mtu huenda anampelekea habari, huenda anaandika kwa faida yake, huenda anaandika badala yake kwa kuwa mwenyewe hajui kusoma. Tena iko kalamu ya kuandikia na chumba cha kuandikia, yaani kiambishi hicho hicho hubeba chombo na mahali. Kihusishi "kwa" kina tabia iyo hiyo. Gakaara mwenyewe alilijua hilo, kwani kijitabu chake cha mwaka 1948 alikipa jina la Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Je, hiyo roho ya kiume ni kitu anacholetewa Mwafrika, au ni kitu kilichomo ndani yake tayari, au ni jambo linalompasa? Mfasiri wa Kiingereza hana budi kuamua kabla hajaandika neno la pili. Msomaji wa Kiswahili wa mwaka 1948 aliachiwa maana zote tatu, na katika kijitabu kilichowahimiza Waafrika chini ya serikali ya kikoloni, kuachiwa huko hakukuwa jambo dogo.

Sasa turudi kwenye jina la mwaka 1983. Mzizi wa Ithaamĩrio-inĩ ni kitenzi thaama, yaani hama. Thaamia ni hamisha. Thaamĩria ni hamishia. Jina ithaamĩrio limejengwa juu ya umbo hilo la tatu, kama vile Kiswahili kilivyolijenga neno kimbilio juu ya kimbilia na si juu ya kimbia. Ni mahali ambapo mtu amehamishiwa. Hivyo ndani ya neno moja mna mambo matatu: mna safari, mna mtu mwingine aliyeisababisha safari hiyo, na mna mwisho wake uliochaguliwa na huyo msababishaji. Tofauti yake na kimbilio ni kwamba kimbilioni mtu huenda kwa miguu yake mwenyewe. Kiambishi -inĩ, ambacho ni -ni ya Kiswahili, kinaongeza kwamba mwandishi yumo humo.

Kiingereza kimetafsiri hicho kiambishi cha mwisho peke yake. "In" imefasiri -inĩ barabara, lakini "detention" haina uhamisho ndani yake. Imetokana na kitenzi cha kushika na kuzuia. Mtu aliye "in detention" amekaa tu. Sentensi haiulizi ametolewa wapi wala ameletwa na nani. Na maisha ya Gakaara katika miaka hiyo yalikuwa ya kuhamishwa hasa. Alikamatwa Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, akapitishwa kambi baada ya kambi, ikiwemo ile ya Kisiwa cha Manda karibu na Lamu na ile ya Athi River. Mtu aliyezaliwa mwaka 1921 Tumutumu, miguuni pa Mlima Kenya, alifikishwa katika kisiwa cha Waswahili asichokiomba. Shajara yake ni ya mtu anayehesabu umbali, na jina la Kigikuyu linalitangaza hilo kabla kurasa hazijafunguliwa.

Huenda ikasemwa kwamba mfasiri hakuwa na njia nyingine. "Exile" ingemfanya msomaji afikirie nchi ya kigeni, hali Manda ni Kenya. Isitoshe, "detention" ndilo neno la sheria za wakati ule, na kufikia mwaka 1988 lilikwisha kupata mwangwi wake katika fasihi ya Kenya, kwa kuwa Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amechapisha Detained mwaka 1981 kuhusu kifungo chake cha Kamiti. Utetezi huu una nguvu. Hata hivyo unathibitisha jambo lile lile: neno lililochaguliwa ni neno la aliyehamisha. Ofisa wa kikoloni aliandika katika majalada yake kwamba fulani yu kizuizini. Mhamishwa aliandika kwamba amehamishiwa. Kiswahili kingeweza kufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. "Kizuizini" ni lugha ya jalada, na "uhamishoni" ni lugha ya Gakaara, ingawa hata hili limekosa kile kiambishi cha kutendea kinachoelekeza kidole mahali.

Isidhaniwe kwamba Kiingereza hupoteza kila mara. Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliiita tamthilia yao ya mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi, na "of" hiyo haisemi kama Kimathi ndiye anayehukumiwa au ndiye anayehukumu. Kesi yenyewe iliendeshwa Nyeri mnamo Novemba 1956, na jukwaani swali la nani hasa yuko kizimbani ndilo tamthilia nzima. Kitenzi cha Kiswahili kingelazimika kuchagua kati ya kuhukumu na kuhukumiwa. Tafsiri ya mwaka 1978 ililikwepa tatizo kwa kuiacha kesi kabisa na kuitwa Mzalendo Kimathi. Ni jina zuri, ila linatoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa.

Limebaki neno moja katika jina la Gakaara, nalo ni "wa". Mwandĩki wa Mau Mau ni mwandishi aliyemo katika Mau Mau, au anayeiandikia, au anayeandika habari zake. Kiingereza kimeondoa kiunganishi na kuyabandika maneno pamoja, "Mau Mau Author", kana kwamba Mau Mau ni sifa ya mtu kama vile urefu au weusi. Msomi anayeegemea tafsiri hiyo ataanza kwa kuuliza Gakaara alikuwa Mau Mau kiasi gani, swali walilouliza maofisa wa kambi. Jina la Kigikuyu linauliza aliwaandikia akina nani.