Pongezi kwa Walimu wa Safari

Wastahili shukrani walimu wa uhusiano wa kimataifa wanaowatoa wanafunzi wao katika kumbi za mihadhara na kuwateremsha Bonde la Ufa, kwani ilimu hiyo, ambayo vitabuni huonekana kuwa ni shughuli ya marais na mawaziri peke yao, huko Naivasha hudhihirika hata katika shada la waridi. Mnamo Oktoba 2014, nchi za Afrika Mashariki zilipochelewa kukamilisha mkataba wao wa biashara na Umoja wa Ulaya, maua ya Kenya yalitozwa ushuru kwa karibu miezi mitatu; na kijana asimamaye kati ya vibarua wanaofunga mashada hayo hatauliza tena kifungu cha mkataba chamhusu nani.

Kando ya Ziwa Naivasha, tangu Septemba 2003, kiongozi wa waasi wa kusini mwa Sudan, John Garang, na Makamu wa Rais wa Sudan, Ali Osman Taha, walikabiliana ana kwa ana, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa msuluhishi, hata zikapatikana itifaki zilizozaa Mkataba wa Amani wa Sudan, uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Ziara za kupigia picha tu sizipendi. Lakini mwalimu hodari huwaketisha wanafunzi, akawagawa pande mbili, akawaamuru wagawane mafuta ya Sudan, na baada ya saa moja ya ghadhabu wanafunzi hao hufahamu kwa nini wapatanishi huitafuta faragha.

Wanafunzi wenzao wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, hawahitaji hata nauli kubwa, kwani wao wamo Bonde la Ufa tayari.