Lepra: Jina Lililopotea Njia

Msomaji, umezoea kuhakiki shairi au hadithi. Leo nakuomba tuhakiki neno moja tu. Neno lenyewe ni lepra, la Kilatini, ambalo matabibu wamelitumia kwa karne nyingi kuutaja ugonjwa tuuitao ukoma, au jedhamu kwa neno litokalo katika Kiarabu. Usidhani kwamba neno moja ni jambo dogo. Kwa ajili ya neno hili wagonjwa wengi walitengwa na jamaa zao wakahesabiwa kuwa najisi.

Asili yake ni Kiyunani. Wayunani walikuwa na neno lepis, maana yake gamba, kama gamba la samaki. Basi lepra kwao ilikuwa ngozi iliyokwaruza na kubambuka magamba, wala haikuwa ukoma. Ukoma wenyewe waliuita elephantiasis, yaani ugonjwa wa ndovu, kwa kuwa ngozi ya mgonjwa huweza kunenepa na kukunjamana kama ya mnyama huyo.

Jina lilipoteaje njia? Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na waliojikwaa hapa ni wafasiri, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa katika karne ya 3 na ya 2 kabla ya Kristo, Agano la Kale lilipofasiriwa kwa Kiyunani. Kiebrania kilikuwa na neno tsaraath, lililotaja namna nyingi za mabaka yaliyomfanya mtu kuwa najisi. Wafasiri wakaliita lepra, na Jerome, aliyefasiri kwa Kilatini yapata mwaka 400, akalifuata.

Mara ya pili ilikuwa katika karne ya 11. Matabibu wa Kiarabu waliuita ukoma judham, na matende wakayaita ugonjwa wa ndovu, kwa sababu ya mguu uliovimba. Wafasiri wa Kilatini, mmoja wao Constantinus Mwafrika, wakaifanya judham kuwa lepra, na jina elephantiasis likaangukia matende. Hivyo maradhi mawili yakabadilishana mavazi! Baadaye ilibidi waandishi waseme elephantiasis Graecorum, ya Wayunani, wakitaka ukoma, na elephantiasis Arabum, ya Waarabu, wakitaka matende. Lakini hasara ilikwisha kupatikana: mgonjwa wa ukoma alikwisha kuvikwa sheria za unajisi zilizoandikwa kwa ajili ya mabaka ya namna nyingine.

Sasa tuitazame lugha yetu. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, yatumia neno ukoma katika Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14. Neno hilo ni fupi na linaeleweka, na wafasiri walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na waliowatangulia. Hata hivyo, soma sura hizo kwa makini. Utakuta pigo lilo hilo likiingia katika nguo na katika kuta za nyumba. Utakuta pia kwamba mtu aliyegeuka mweupe mwili mzima hutangazwa kuwa safi. Ukuta una ukoma gani? Nami naona ingalifaa zaidi kusema maradhi ya ngozi, au kuacha neno la Kiebrania na kulieleza pembeni.

Pengine utauliza, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba jina huamuru mwenendo wa watu. Mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen wa Norway aligundua kwamba ukoma huletwa na kijidudu. Si laana, wala hauna uhusiano na dhambi. Kijidudu hicho hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu, na watu walio wengi wana kinga nacho kwa asili. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitumiwe kwa pamoja, na mgonjwa hupona. Brazil ilitambua nguvu ya jina: kwa sheria ya mwaka 1995 iliondoa neno lepra katika maandishi ya serikali, ikaweka jina litokanalo na Hansen.

Sisi hatuna haja ya kulifuta neno ukoma. Yatosha kulitumia kwa haki. Tuseme mtu mwenye ukoma, wala tusimwite mkoma, kana kwamba hana jina jingine. Wala usikimbilie kudai kwamba ukoma ni kukoma kwa vidole, maana kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili. Na hapa Nkubu, ukimwona mwenzako ana baka lililopauka lisilohisi hata likiguswa kwa unyoya, usimkimbie. Mfuatane naye hospitalini mapema, kabla vidole na macho yake hayajadhurika.