Dhima ya Kasisi katika Mzalendo Kimathi

Watahiniwa wengi huandika kwamba tamthilia hii ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo inapinga Ukristo. Jibu hili ni jepesi mno. Kasisi ni mmoja wa wageni wanaomjia Kimathi selini kumshawishi asalimu amri. Je, anakemea kila matumizi ya nguvu? La hasha! Anakemea bunduki ya msituni tu. Kuhusu ile ya serikali yu kimya. Hiyo ndiyo kejeli.

Sisi wa Voi tunaielewa upesi. Mnamo Februari 1916 Waingereza na Wajerumani, Wakristo kwa Wakristo, walipigana katika kilima cha Salaita karibu na Taveta, na makaburi ya vita hivyo yangali yanatunzwa hapa kwa heshima. Thomas wa Akwino alishurutisha vita vya haki viongozwe na mamlaka halali. Kimathi anaikana hasa mamlaka hiyo anapokataa kujibu mashtaka chini ya sheria ambayo watu wake hawakushiriki kuitunga.

Kasoro ipo, hata hivyo. Kasisi amechorwa mnyonge mno. Hoja zake zinaanguka bila kusukumwa. Kimathi wa kihistoria, kabla ya kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, alimwandikia padre wa Nyeri barua kuhusu mbingu na masomo ya mwanawe. Kimathi huyo hatumwoni jukwaani.